Kubadilisha Magazini ya Bunduki na Kuihifadhi Iliyotumika

Kabla mkono haujafika kwenye mfuko wa magazini, yaani visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye bunduki, kuna jambo la kujua kwanza: bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, iko wapi? Kama risasi zimekwisha na chemba, nafasi ya risasi nyuma ya mtutu, ni tupu, bunduki haina kazi mpaka uijaze, na muda wote unaoutumia kuhangaika na magazini tupu ni muda wa bure. Lakini kama chemba bado ina risasi na ndani ya magazini zimebaki nyingine, hali ni tofauti kabisa. Bunduki ingali inafyatua, nafasi unayo kidogo, na hicho unachokitoa ni risasi zako ambazo huenda ukazihitaji baada ya dakika tano.

Makosa mengi huanzia hapo. Mtu anatumia njia ya hali moja katika hali nyingine: ana magazini tupu, chemba iko wazi, naye anapapasa mfuko wa kuirudishia. Au ana magazini yenye risasi 12 anaiachia idondoke mchangani, kwa sababu ndivyo mikono ilivyozoea kwenye uwanja wa shabaha.

Bunduki nitakazozitaja ni tatu. AK na jamaa zake, kwa kuwa ndizo zilizoenea zaidi Afrika Mashariki na Kongo. G3, ambayo Kenya imeitumia kwa miaka mingi. Na AR-15, ambayo ndiyo inayotawala mashindano ya bunduki Marekani, pamoja na M16 ya kijeshi. Kila moja ina tabia yake, na njia inayokwenda vizuri kwenye moja inaweza kukukwamisha kwenye nyingine. Maelezo yanamhusu askari, mlinzi wa wanyamapori na mlengaji mwenye leseni, na yanamchukulia mtu anayetumia mkono wa kulia.

Kwa nini magazini ina thamani

Bunduki ya Lee-Metford, iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1888, ilikuwa na magazini inayotoka, lakini magazini hiyo iliunganishwa na bunduki kwa mnyororo mdogo. Wakubwa hawakutaka askari aipoteze. Hata Lee-Enfield zilizofuata, ambazo askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki, walizibeba, zilijazwa kutoka juu kwa vishikizo vya risasi 5 huku magazini ikibaki mahali pake. Wazo la kubeba magazini kadhaa zilizojazwa na kuzibadilisha moja baada ya nyingine lilikuja kuzoeleka kwa askari wa kawaida baadaye, na pamoja nalo likaja tatizo la magazini zilizotumika ziende wapi.

Ukiwa na boksi zima la risasi lakini huna magazini, AK yako imegeuka bunduki ya kulisha risasi moja moja kwa kidole. Hilo ndilo la kukumbuka. Risasi hupatikana kwa boksi. Magazini nzuri, iliyojaribiwa na kuaminika, haipatikani hovyo. Kwa askari kuna na daftari la ghala la silaha: anasaini bunduki, idadi ya risasi na idadi ya magazini, na jioni anatakiwa kurudisha vyote au kueleza.

Uzito nao una maneno yake. Magazini ya chuma ya AK ikiwa tupu ni karibu gramu 330, na risasi 30 za 7.62×39 zinaongeza karibu nusu kilo. Ya aluminiamu ya AR-15 ni karibu gramu 110 tu ikiwa tupu. Wepesi huo una gharama yake: ukiiangusha kwenye zege ikatua kwa midomo yake, zile kingo za juu zinazoshikilia risasi, midomo inapinda, na magazini iliyopinda midomo ni chanzo cha kukwama kusikoisha.

Chemba ikiwa tupu

Hapa sina mjadala. Magazini tupu inaachwa ianguke. Utaiokota baadaye, mambo yakitulia.

Kwenye AR-15 bolti hubaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, na ukizoea utaisikia tofauti begani: msukumo wa mwisho unaishia nyuma, haurudi mbele. Kidole cha shahada cha kulia kinatoka kwenye triga na kubonyeza kitufe cha magazini upande wa kulia. Wakati huohuo mkono wa kushoto umekwisha kwenda kiunoni; usisubiri kuiona ile ya zamani ikidondoka ndipo uanze safari. Inua bunduki kidogo hadi usawa wa kidevu, kitako kikiwa kimebanwa kwapani au begani, ili uone tundu la magazini bila kuinamisha kichwa. Ingiza, sukuma, kisha ivute chini kidogo. Ikibaki, imeshika. Gonga kibao cha kuachia bolti upande wa kushoto kwa kidole gumba, halafu rudisha mkono mbele.

Ile hatua ya kuvuta watu huiruka kwa sababu ya haraka, na ndiyo inayowaumbua. Magazini ambayo haikushika vizuri bolti huipita bila kuchukua risasi, kisha triga ikibonyezwa kinasikika kishindo kitupu na magazini inatua miguuni. Upande mwingine kuna anayeipiga kofi la nguvu bolti ikiwa nyuma. Baadhi ya magazini zikipigwa hivyo hupita kiwango, zikapanda juu kuliko zinavyotakiwa na kubana. Sukuma kwa uthabiti, vuta, basi.

AK ya kawaida haishiki bolti nyuma. Utajua risasi zimekwisha kwa sauti ya nyundo kugonga patupu, isipokuwa kama unatumia magazini za Yugoslavia za M70, ambazo kisukumizi chake, kile kibati cha ndani kinachoinua risasi, huizuia bolti isirudi mbele. Hata hizo, ukishaitoa magazini bolti inafunga. Kwa hiyo kukoki, yaani kuvuta bolti nyuma na kuiachia, ni lazima kila mara. Chukua magazini mpya kwanza, uje nayo kwenye bunduki, kisha kwa kidole gumba cha kushoto, au kwa mgongo wa magazini hiyo mpya, sukuma kibanio kilicho mbele ya kinga ya triga. Ile tupu itatoka kwa kuzunguka kuelekea mbele. Ingiza jino la mbele la magazini mpya kwenye nafasi yake, uhisi limekamata, ndipo uivute nyuma hadi usikie “tak”.

Anayeingiza magazini ya AK moja kwa moja kwenda juu, kama ya AR, atasukuma mpaka achoke. Na anayekamata jino la nyuma bila la mbele atapata magazini inayoning'inia, ambayo kwa jicho inaonekana iko sawa. Ukiipata hiyo usijaribu kuirekebisha ikiwa hapohapo. Itoe yote, anza upya na jino la mbele.

Mkono wa kukokia wa AK uko kulia. Ama mkono wa kushoto unapita chini ya bunduki na kuuvuta, ama unapita juu. Njia ya chini ni ya haraka kwa mwenye mikono mirefu. Ya juu ina nguvu zaidi bunduki ikiwa na vumbi. Yoyote utakayochagua, vuta hadi mwisho na uachie. Ukiisindikiza bolti kwa mkono kurudi mbele, springi haipati nafasi ya kuifunga kwa nguvu zake, na risasi inaweza kubaki nusu chemba. Kingine: sefti (kizuizi cha usalama) ya AK ikiwa juu inazuia bolti isirudi nyuma yote. Aliyeweka sefti halafu akashangaa bunduki haikokiki, jibu lake ni hilo.

G3 nayo haishiki bolti nyuma. Mpini wake wa kukokia uko mbele, kushoto, juu ya mtutu. Uvute nyuma hadi mwisho, uuzungushe juu ukae kwenye ufa wake. Sasa bolti iko wazi. Toa magazini tupu, ingiza mpya, kisha upige mpini kwa kiganja ushuke. Wengi hujaribu kuingiza magazini iliyojaa risasi 20 huku bolti imefungwa. Huwa ngumu, kwa sababu risasi ya juu inagandamizwa na sehemu ya chini ya bolti na springi imekwisha kubanwa yote.

Risasi zikiwa zimebaki

Sasa tuje kwenye kuhifadhi, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Umejikinga nyuma ya kitu kigumu, hali imetulia kwa muda, na unakadiria magazini imeshapungua sana. Unataka iliyojaa ndani ya bunduki, na iliyopungua irudi mwilini mwako.

Njia ni mbili, na zinatofautiana kwa mpangilio tu. Katika ya kwanza unachukua magazini mpya, unakuja nayo, unatoa ya zamani kwa mkono huohuo, unaingiza mpya, kisha unahifadhi ya zamani. Katika ya pili unatoa ya zamani, unaihifadhi, ndipo unachukua mpya na kuiingiza. Ya kwanza inaiacha bunduki bila magazini kwa muda mfupi zaidi, lakini inakulazimu kushika magazini mbili kwa mkono mmoja. Ya pili ni rahisi kwa vidole, lakini kwa sekunde kadhaa risasi uliyo nayo ni ile moja iliyo chemba.

Kwenye AR-15 napendekeza ya kwanza. Shika magazini mpya kwa kiganja, ncha za risasi zikielekea mbele. Ukifika kwenye bunduki, panua kidole gumba na cha shahada, kamata ile iliyomo kwa vidole hivyo viwili, bonyeza kitufe kwa mkono wa kulia na uivute chini. Sasa zimekaa mkononi kwa umbo la herufi L, mpya ikiwa imelala na ya zamani ikiwa wima. Geuza kifundo cha mkono mpya isimame, ingiza, vuta kuhakiki. Usiguse bolti, iko mbele na chemba ina risasi. Ndipo ya zamani iende mfukoni.

Mahali pa kuharibika ni pale kwenye kugeuza kifundo. Mkono wenye jasho au glavu nene utaangusha moja ya hizo mbili, na mara nyingi inayoanguka ni ile iliyojaa, kwa kuwa ndiyo nzito. Ikianguka yoyote, ya kwanza kutafutwa ni ile inayotakiwa kuingia ndani ya bunduki. Iliyo chini itasubiri.

Kwenye AK msimamo wangu ni mwingine. Magazini zake ni nzito, zimepinda, na lile jino la mbele linataka mkono uliotulia. Kuibana ya zamani kwa vidole viwili huku ukitafuta jino la mbele kwa kubahatisha ni kuomba matatizo. Tumia njia ya pili: mkono mtupu unaikamata magazini, gumba linasukuma kibanio, magazini inazungushwa mbele na kutoka, inaingia mfukoni, mkono unachukua mpya na kuikalisha vizuri. Wapo walimu wenye ujuzi wanaofundisha ya kwanza hata kwa AK, na mikono iliyozoezwa inaiweza. Kwa anayefanya mazoezi mara chache, ya pili inakosewa kwa nadra zaidi.

Kwa G3 kumbuka kwamba huwezi kufungua bolti bila kuitoa risasi iliyo chemba. Unabadilisha bolti ikiwa imefungwa, na hilo linakurudisha kwenye ule ugumu wa magazini iliyojaa pomoni. Dawa yake inaanzia nyumbani au ghalani: jaza 18 badala ya 20. Hata kwa AR-15 wengi hujaza 28 ndani ya magazini ya 30 kwa sababu hiyohiyo, na askari wengi wa Marekani kule Vietnam walijaza 18 kwenye zile za 20. Risasi mbili unazoziacha nje zinakupa nafasi ndogo ya springi, na magazini inashika kwa msukumo wa kawaida.

Iende wapi

Hapa ndipo mipango mizuri huvurugika. Mtu amebadilisha vizuri, amehifadhi vizuri, halafu dakika kumi baadaye anachomoa kwa haraka magazini yenye risasi nne akidhani imejaa.

Iliyopungua isikae kamwe mahali iliyojaa ilipotoka. Panga hivi: zilizojaa zikae kiunoni kushoto, midomo chini, kitako juu, ncha za risasi zikielekea mbele, ili ukizishika kidole cha shahada kilale kwenye ubavu wa mbele wa magazini na kikuongoze hadi kwenye tundu. Iliyopungua irudi kwenye mfuko wa mwisho kabisa, ule mgumu kufikiwa, ikiwa imegeuzwa, ncha zikielekea nyuma. Mkono ukiigusa gizani utahisi mpindo uko upande usio wake na utajua. Kuna wanaoipindua midomo ikae juu kama alama. Siipendi hiyo, kwa kuwa mdomo ulio wazi juu unakusanya vumbi, na vumbi jekundu la barabara zetu likichanganyika na mafuta linakuwa tope.

Magazini tupu ziende mahali pengine kabisa: mfuko mpana wa nguo unaoning'inia nyuma ya nyonga ya kushoto, wenye mdomo mkubwa usiohitaji kutazamwa. Ukikosa mfuko huo, mfuko wa pembeni wa suruali ya kombati unatosha, ila ufungwe kifungo kabla ya kukimbia. Ndani ya shati ni suluhisho la dharura tu, na shati lisipochomekwa magazini itapita hadi chini.

Na wakati wa kuchukua, ukiwa na nafasi ya kuchagua, kati ya zilizojaa anza na iliyo mbali. Ile iliyo karibu na mkono iachie siku chemba itakapokuwa tupu.

Kuhakiki bila kuhesabu

Kuhesabu risasi kichwani hadi 30 ni jambo la kusimulia; ni wachache wanaoliweza wakiwa na presha. Ukijikinga, fanya ukaguzi. Toa magazini, itazame au ipime kwa uzito, irudishe na uivute. Baadhi ya magazini za plastiki zina dirisha ubavuni, na hizo zinarahisisha.

Kuna na ukaguzi wa chemba usiohitaji kufungua bolti. Risasi ndani ya magazini za bunduki hizi zimepangwa mistari miwili, na ile ya juu hukaa ama kulia ama kushoto. Kabla ya kuingiza angalia iko upande gani. Ingiza, koki, kisha toa magazini uitazame tena. Ikiwa sasa ya juu iko upande wa pili, moja imeondoka na iko chemba. Ikiwa upande ni uleule, bolti haikuchukua kitu. Gizani unafanya hivyo kwa kidole gumba.

Sheria za mashindano

Wanaoshindana wanajua kwamba sheria hubadilisha mazoea. IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya ulengaji lililoanzishwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, haimlazimishi mshindani kuhifadhi chochote. Anaangusha magazini yenye risasi nusu na kukimbia, kwa kuwa saa ndiyo hakimu. IDPA ya mwaka 1996, chama kingine cha mashindano ambacho msingi wake ni bastola, ilichukua mkondo mwingine: ukiacha chini magazini yenye risasi unaongezewa adhabu ya muda.

Mshindani wa IPSC anayefanya pia kazi ya ulinzi anapaswa kutenga mazoezi ya kuhifadhi peke yake. Mikono itafanya ilichorudia mara nyingi zaidi, na mashindano yanarudia kuangusha.

Mazoezi

Mazoezi bora hufanyika bila risasi hai. Toa magazini, fungua bolti, angalia chemba kwa jicho na uguse kwa kidole, kisha risasi zote zipelekwe chumba kingine na mlango ufungwe. Tumia risasi bandia zenye rangi tofauti na uzito unaokaribia wa kweli, kwa sababu magazini tupu haina tabia ya iliyojaa: ni nyepesi, inaingia kirahisi, nayo inakudanganya. Mtutu uelekee ukuta unaoweza kuzuia risasi, na kidole kikae nje ya kinga ya triga tangu mwanzo wa hatua hadi mwisho. Wakati wa kubadilisha ndipo vidole husahaulika, kwa sababu akili yote imehamia mkono wa kushoto.

Anza polepole, kila hatua peke yake. Kuchukua na kufika kwenye tundu, bila kuingiza, mara kadhaa. Kisha kuingiza na kuvuta. Kisha kuhifadhi kwa macho yaliyotazama mbele, mkono ukitafuta mfuko wenyewe. Tandika blanketi sakafuni ili magazini zinazoanguka zisiumie midomo. Fanya ukiwa umepiga goti pia, na ukiwa umelala kifudifudi, ambapo magazini ndefu ya AK hugota ardhini na inabidi bunduki iinamishwe ubavu ndipo izunguke.

Baada ya kurudi

Magazini zilizohifadhiwa zisirudi kabatini zilivyo. Zimwage risasi, zihesabu, na kila magazini iwe na namba iliyoandikwa kwa rangi kwenye kitako. Bunduki ikikwama, andika namba. Namba moja ikijitokeza mara ya pili, tatizo ni magazini hiyo.

Ifungue: kwenye ya aluminiamu ya AR inua kidogo kibati cha kitako na ukitelezeshe, ukishikilia springi kwa gumba isikurukie. Futa ndani kwa kitambaa kikavu. Usipake mafuta, maana mafuta hunasa mchanga na springi inaanza kusukuma kwa kusitasita. Kwa ya chuma, upako mwembamba sana nje na ndani dhidi ya kutu unatosha, hasa pwani, kisha ufutwe. Angalia nyufa kwenye midomo na kwenye pembe za nyuma, halafu sukuma kisukumizi kwa kidole: kinapaswa kushuka na kupanda bila kuinamia upande. Springi haichoki kwa kukaa imebanwa miezi. Huchoshwa zaidi na kujazwa na kumwagwa mara nyingi, na kutu.

Iliyopasuka au kupinda midomo usiijaribu kuinyoosha kwa koleo kisha ukairudisha kwenye mzunguko. Kama ni mali ya ghala, irudishe kwa maandishi ikiwa na alama. Kama ni yako, toa springi na kisukumizi ubaki navyo kama vipuri, halafu lile bomba liponde kwa nyundo kabla ya kulitupa, ili asije mtu akaliokota na kulijaza.